Chiriku na Taa Nyekundu

Asubuhi hiyo walirudia mara kumi na saba. Kumi na saba, jamani! Na kilichotakiwa ni kitu ambacho hata wewe ungekifanya huku unapiga miayo: kuingia wodini na sinia ya dawa, kumtazama mgonjwa, kusema, "Umeamkaje leo, mzee?" Basi. Maneno matatu. Chiriku aliingia, gauni la unesi limepigwa pasi mpaka linamkwaruza shingo, akayasema maneno yake matatu kwa sauti tamu kabisa, na hapo hapo macho yakamtoroka. Yakamwacha mgonjwa, yakaruka shuka, yakaenda kutua kwenye ile taa ndogo nyekundu juu ya kamera. Na si kutua tu. Akaitabasamia.

"Tena!" akasema mwongozaji.

Mwongozaji huyo watu wote pale walimwita Tena, mwanzoni kwa kunong'ona na baadaye waziwazi, maana kutwa nzima hakuwa na neno lingine. Alikuwa mtu mfupi, kofia ya sufu kichwani jua au mvua, na akikasirika alikuwa na tabia ya kuvua miwani, kama vile hataki kukuona vizuri. Mara ya kumi na saba aliivua, akaja mpaka alipo Chiriku.

"Dada," akasema, na akishakuita dada ujue mambo yameharibika, "nani yuko huko ndani ya kamera?"

"Hakuna mtu."

"Sasa unamchekea nani? Mzee wa watu anakufa hapa, wewe unamchekea nani?"

Chiriku angejibu nini? Angesema ukweli wangecheka mpaka wamwage chai, na ukweli wenyewe ni kwamba alikuwa akimchekea mama yake.

Ngoja niwaeleze, msije mkamwona punguani. Mwaka mmoja na nusu nyuma, binti huyu alikuwa amesimama jukwaani kwenye shindano la kuimba la kituo hicho hicho cha televisheni. Jaji mmoja akamwita Chiriku siku ya kwanza tu, na jina likamganda. Lile la kuzaliwa limebaki kwenye vyeti na mdomoni mwa mama yake akiwa amekasirika. Washiriki walipewa mwalimu wa jukwaa, mama mmoja mkali kama pilipili, na somo lake kubwa lilikuwa moja. Kamera ziko tano, aliwaambia, lakini yenye taa nyekundu ndiyo inayopeleka uso wako majumbani. Itafute. Ikizima, tafuta nyingine. "Na msiangalie tu kama mnapigwa picha ya kitambulisho! Humo ndani ya taa, kila mtu amweke mtu wake. Amuimbie huyo."

Wenzake waliweka wapenzi wao, mmoja aliweka mchumba aliyemwacha. Chiriku alimweka mama. Mama yake ni fundi cherehani, na miaka thelathini ya kukanyaga kile kibao cha chini ilikuwa imemmaliza magoti. Wanakaa ghorofa ya tatu, na ngazi za jengo lile hata mzima wa afya anazishuka akitukana. Kwa hiyo mama hakuwahi kwenda ukumbini hata siku moja. Alisogeza cherehani mbele ya televisheni, akazima taa ya chumba, akakaa.

Na mama alikuwa anahesabu. Chiriku akipiga simu baada ya shindano, mama haulizi majaji wamesema nini. Anasema, "Leo umeniangalia mara sita. Wiki iliyopita tisa. Una nini?" Na kila alipoangaliwa alikuwa anaitikia, peke yake pale chumbani, uzi mdomoni: "Nakuona, mwanangu, nakuona." Mpaka fainali. Siku ya fainali alihesabu mpaka ishirini halafu akapoteza hesabu kwa kulia.

Chiriku akashinda. Yakaja maua, yakaja mapambo ya karatasi kutoka darini, ikaja picha yake kubwa kule njia panda, meno yote nje. Na ikaja ahadi, na hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi yenyewe: kurekodi nyimbo zake mwenyewe, studio ya kituo. Lini? Wiki ijayo. Akaenda wiki ijayo, fundi mitambo amesafiri. Akaenda tena, studio inapakwa rangi. Sijui ni studio gani ile iliyokuwa inapakwa rangi miezi minane! Siku moja alifika mapokezi akakuta foleni ndefu mpaka nje, vijana wana namba vifuani. Shindano jipya. Dada wa mapokezi, bila hata kuinua uso, akamwambia, "Na wewe jaza fomu." Alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani akaipita njia panda, pale palipokuwa na picha yake sasa kulikuwa na picha ya magodoro.

Ndipo walipompigia simu. Kuna tamthilia mpya ya hospitalini, wanataka nesi, uso wake bado unajulikana. Akawaambia mimi siigizi, mimi naimba. Wakamwambia sawa, ndiyo vizuri: kipindi cha kumi na mbili nesi anamwimbia mgonjwa anayekata roho. Wimbo mzima. Wimbo wako mwenyewe, uchague.

Kuna watu watakuambia alikubali kwa kupenda umaarufu. Wasikusumbue. Alikubali kwa ajili ya wimbo mmoja. Aliutunga jikoni, mwezi ule magoti ya mama yalipofura mpaka akashindwa kulala, na haukuwa umesikika popote ila kwa mwandishi wa tamthilia, ambaye aliusikia mara moja akaupenda mpaka akambadilisha mgonjwa. Mzee yule kipindi cha pili alikuwa dereva mstaafu. Kipindi cha tano akawa fundi cherehani, ili maneno yaingie sawasawa, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeuliza. Mama alijua kuna wimbo wa mwanawe, lakini hajaambiwa maneno. "Utausikia kwenye televisheni kama watu wengine," Chiriku alimwambia, kwa madaha. Mama akaandika kumi na mbili kwa chaki ya kushonea ukutani, juu ya cherehani.

Sasa turudi wodini, maana Tena bado amesimama, miwani mkononi.

"Nisikilize," alisema, na safari hii alishusha sauti, jambo ambalo lilitisha zaidi. "Tumeifunika taa kwa plasta, ukaitafuta ilipo. Tumeizima kabisa, ukaangalia kioo cha kamera. Wakubwa wameona vipande vyako. Ukiendelea hivi, kipindi cha nane nesi anahamishiwa hospitali nyingine, na huko hatumfuati. Umenielewa?"

Alielewa vizuri sana. Nesi akihama, wimbo umekufa.

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za nyuma, zile zinazojaa vikombe vya plastiki, akalia kwa hasira. Si huzuni, hasira! Kitu hicho hicho kilichompa ushindi, kitu alichofundishwa na watu wa jengo hilo hilo, leo ndiyo kosa. Ghorofa ya kwanza wanakufundisha uangalie, ghorofa ya pili wanataka kukufukuza kwa kuangalia. Si wazimu huo?

Aliyemfuata pale ni mgonjwa mwenyewe, bado yuko kwenye pajama. Mzee huyu kazini wanamwita Marehemu, na yeye anajisikia fahari, kwa sababu amekufa mara kumi na nne kwenye tamthilia mbalimbali: kwa moyo, kwa sumu, kwa kudondoka ngazini, na mara mbili kwa kupigwa risasi na shemeji.

"Shikamoo, mzee," akasema Chiriku akifuta pua.

"Marahaba, mwanangu. Unamwangalia nani kule?"

Kwa Marehemu hakuona haya. Akamwambia.

Mzee hakucheka. Alijikuna kidevu. "Mimi nikifa," akasema, "kila mara nawashwa pua. Kila mara! Unajua nafanyaje? Nawaza kidole cha mguu. Akili yote naishusha kule. Wewe huwezi kuambiwa usiangalie mahali, lazima upewe mahali pengine pa kuangalia."

Akaongozana naye wodini, akachukua kipande cha plasta nyeupe, ile ile ya kufungia sindano za uongo, akaenda kukibandika kwenye kijiti kando ya kamera, kushoto, kama viganja viwili kutoka kwenye kioo. "Mama yako amehama," akamwambia. "Sasa hivi anakaa hapa. Kwenye picha itaonekana unanitazama mimi."

Usidhani ilikuwa kazi ya siku moja. Wiki mbili za kwanza macho yaliruka kurudi kwenye kioo kama ng'ombe aliyezoea zizi. Chiriku alijiuma ulimi, alijifinya paja mpaka likavilia damu. Nyumbani alibandika plasta kwenye fremu ya kioo, kando ya uso wake, akawa anasema maneno yake kwa plasta kutwa kucha. Akizungumza na mfanyakazi mwenzake anaangalia sikio. Akinunua vocha anaangalia bega la muuzaji, muuzaji anageuka nyuma kuona kuna nani. Lakini kufikia kipindi cha sita Tena alikuwa anarudia mara nane, kipindi cha tisa mara tatu. Nesi hakuhamishwa.

Kwa mama ndiko kulikokuwa na kesi. "Siku hizi unaniangalia mara ngapi?" mama aliuliza siku moja baada ya kipindi cha kumi, mkasi mkononi. "Sifuri. Nimehesabu. Unaangalia pembeni kama mtu anayedaiwa."

"Mama, ndiyo kazi yenyewe. Ukiangalia kamera unafukuzwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama akakata kitambaa, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Haya. Basi ningoje wimbo."

Siku ya kurekodi kipindi cha kumi na mbili Chiriku hakula kitu. Marehemu alilala kitandani, akapakwa jivu kidogo chini ya macho, akamkonyeza. Hapakuwa na muziki, hapakuwa na ngoma, sauti tupu, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mzee mkono, akaipata plasta kwa macho, na akaanza.

*Weka chini mkasi wako, weka chini na uzi,*
*ya kesho yatashonwa kesho, leo pumzisha miguu.*

Aliuimba wote, beti nne. Alipomaliza alisubiri lile neno. Halikuja. Tena alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa ncha ya kofia. Yule dada ambaye kazi yake ni kuandika kila kitu, kikombe kiko mkono upi na kifungo gani kiko wazi, alikuwa hajaandika chochote. Na Marehemu, aliyekwisha kufa tangu ubeti wa tatu, alikuwa na chozi linamteremka mpaka sikioni. Kifo cha kumi na tano, na mara ya kwanza maiti kulia.

"Tumepata," akasema Tena. Mara moja tu! Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo.

Siku ya kuonyeshwa, saa moja jioni, chumba cha mama kilijaa. Jirani wa kushoto alikuja na viti vyake, wa kulia na watoto wake watatu. Mama alikuwa amevaa gauni la kutokea. Amevaa gauni la kutokea kukaa kwenye kiti chake mwenyewe! Nesi akaingia wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamshika mzee mkono. Akafungua mdomo.

Ikaingia ngoma. Kikaingia kinanda. Na ikaingia sauti ya msichana, nyembamba, nzuri, inayomsihi mpenzi wake asiondoke, kwa kuwa bila yeye hata simu hailii.

Chiriku alibaki mdomo wazi. Kwenye televisheni pia mdomo wake ulikuwa wazi, lakini wanaonyesha kidogo tu, halafu wanakimbilia dirisha, wanakimbilia dripu, wanakimbilia mikono. Midomo ikisema mkasi, sauti inasema mpenzi. Mzee wa miaka sabini anakata roho na nesi anamwambia wewe ndiye mahaba yangu! Alikuwa anaijua sauti ile. Mji mzima ulikuwa umeanza kuijua. Ni binti aliyeshinda shindano jipya wiki tatu zilizopita, na huo ndio wimbo wake wa kwanza. Yeye studio yake haikuwa inapakwa rangi.

"Weee!" jirani wa kushoto akapiga makofi. "Leo umetuua! Sauti imekomaa, kuliko hata ya kule kwenye shindano!"

"Nimelia mimi," akasema wa kulia. "Huo wimbo unapatikana wapi?"

Mama hakupiga makofi. Alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili. Aliinama kwa mwanawe, akamwambia polepole, wengine wasisikie, "Huyu si wewe."

"Siyo, mama."

"Wako uko wapi?"

Chiriku akaitazama ile kumi na mbili ya chaki ukutani.

Kesho yake alifika kazini damu inamchemka. Alimkuta Tena wodini peke yake, amekaa kwenye kitanda cha marehemu, anakula karanga. Alipomwona akavua miwani.

"Dada."

"Usiniite dada! Nani amefanya vile?"

"Si mimi. Imetoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu. Wanataka wimbo wa yule binti usikike, na kipindi chetu ndicho kinachoangaliwa. Niliwapa wako. Niliwaambia hatukurudia hata mara moja. Wakasema mzuri lakini haujulikani."

"Utajulikanaje kama hamuuchezi?"

Tena akatoa simu, akamwonyesha jumbe za watazamaji, mamia, zote zinamsifu. Nesi ana sauti ya malaika. Nesi aimbe tena. Hakuna hata mmoja aliyegundua! "Unaona? Wanakupenda. Wamekuongezea vipindi ishirini na sita. Sikudanganyi, sasa hivi wewe ni mwigizaji kweli, ile kuangalia kamera imekwisha kabisa." Akachomoa karatasi kutoka kwenye faili la hospitali, lile la uongo lenye joto la mgonjwa. "Saini hapa."

"Na wimbo?"

"Kipindi cha arobaini hivi, labda. Tutaona."

Alisaini. Mlitaka afanyeje, arudi mapokezi akajaze fomu? Alisaini juu ya meza ya dawa, kalamu ikatoboa karatasi. Muda wote anazungumza na Tena alikuwa akimwangalia kando ya sikio.

Jumamosi alasiri kulikuwa na marudio. Chiriku alikuwa jikoni akisugua sufuria ambayo ilikwisha kutakata zamani. Mama akamwita kwa jina lake la vyeti.

"Mama, zima hiyo kitu. Nakuomba."

"Sizimi. Njoo."

Akaja, mikono ina povu. Nesi alikuwa anaingia wodini. Mama akainua rimoti, akabonyeza, sauti ikakatika. Chumba kikawa kimya, ila bomba la jikoni linadondoka. Halafu mama akafanya jambo la ajabu: alishika kiti chake kwa mikono yote miwili, akakigeuza akaipa televisheni mgongo, akakaa anamtazama binti yake.

"Nimengoja wiki kumi na mbili," akasema. "Wamefungua mdomo wako wakatia wimbo wa mwenzako. Mimi nataka wako. Imba."

Nyuma ya kichwa cha mama, kwenye kioo cha televisheni, midomo ya nesi ilianza kucheza. Chiriku akajipangusa mikono kwenye kanga, akaanza naye pamoja. *Weka chini mkasi wako.* Maneno yaliingia midomoni mle barabara, hakuna lililopotea. Mama akakunja uso kama mtu aliyechomwa sindano, maana ndiyo kwanza anajua wimbo ni wa nani.

"Niangalie basi," akasema.

Chiriku akataka kumwangalia. Kwa roho moja kabisa alitaka. Macho yakaenda kushoto, viganja viwili, yakatua ukutani kwenye futi ya kupimia inayoning'inia msumarini. Akayavuta. Yakaja mpaka sikioni kwa mama, yakateleza, yakarudi kwenye futi. Akajifinya paja. Sauti haikutetereka, sauti ilikuwa nzima, ni macho tu yaliyokataa.

"Mimi niko huku," mama akasema.

"Najua, mama. Najua uko huko!"

"Usikatishe. Imba."

Mama akajishika magoti, akanyanyuka. Akaburuta kiti, sakafu ikapiga kelele, mpaka chini ya futi. Akakaa hapo, anahema. Na macho ya Chiriku, yalaaniwe, yakahama naye, viganja viwili vingine kushoto, yakaenda kukaa kwenye kitasa cha kabati.

"Ah!" mama akasema. Hakuburuta tena. Alinyosha mkono, akamshika binti yake kidevu kwa vidole vyake vilivyochakaa kwa sindano, kama alivyokuwa akimshika zamani wakati wa kumsuka, akakaza. Nesi kwenye televisheni alikuwa ameshafunga mdomo, mzee ameshafunikwa shuka, na tangazo la sabuni limeanza. Wimbo ulikuwa umebakiza beti mbili. Chiriku aliziimba zote, shingo imekakamaa, machozi yanamtoka kwa hasira, na mama hakuuachia uso wake mpaka mwisho.